MJADALA: Kabla ya tathmini ya mazingira, ramani ya mwalo (ufuko wa kushushia samaki) ichorwe na nani?

Mleta mada
Wakuu, huku kwetu Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile ya kabla ya mradi kuanza, walikuja wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwaka mitumbwi hupumzika na chanja za kuanikia hubaki tupu. Basi mchanga ule unaojaa dagaa kila giza likirudi, wao wakauandika "eneo wazi". Ndiyo maana nasema wenyeji watangulie kuchora: tunaanika wapi, sato anazalia wapi, ng'ombe wanakunywa wapi kiangazi, makaburi yako wapi. Kanada walishafanya. Miaka ya 1970 Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali, walichora maeneo yao ya uwindaji, na mwaka 1977 Jaji Thomas Berger, baada ya kuzunguka vijiji vya Bonde la Mackenzie, alishauri bomba la gesi lisubiri miaka 10.

Mpima
Mkuu, kushirikisha wananchi kumo kwenye sheria tayari. Na ukishataja fidia, kila ukoo utausogeza mpaka wake. Nimeyaona hayo kazini, tena kwa kamba ya katani.

Mama Chanja
Kaka Mpima, acha koo za watu. Mimi hofu yangu ni nyingine. Bustani yangu ya mchicha iko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza humo shughuli za kudumu au za kuharibu ufukwe. Nikiichora, si nimejipeleka mwenyewe? Kesho naambiwa ng'oa. Hayo mazalia ya sato nayo, yakishawekwa kwenye karatasi, wenye nyavu za kokoro watafika kabla ya huyo mtaalamu.

Mleta mada
Dada, hapo umenishika. Mazalia tuyazungushie duara kubwa, bila alama kamili, na ramani ikae kwa serikali ya kijiji. Mtaalamu aisome palepale, asiondoke nayo. La mchicha sina jibu.

Mpima
Asiondoke nayo, halafu NEMC, baraza la mazingira la taifa, wapitie ripoti kwa ushahidi gani? Maneno ya mzee wa mwalo?

Mama Chanja
Waje siku za giza, alfajiri, dagaa wakishushwa. Watembee na mita yao kati ya chanja. Nafasi ya kukanyaga wataitafuta.