Uliugua huna hela ya matibabu, ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Nimechoka kusikia "nenda hospitali" kana kwamba hospitali ni kisima, unakwenda na ndoo yako unachota. Tuambiane ukweli: ulipougua na mfuko umetoboka, ulifanyaje? Na ulikosea wapi?

Naanza mimi. Nina presha. Kazi ilipoisha nikaanza kugawa kidonge, nusu leo nusu kesho, baadaye nikawa nameza siku nikihisi shingo nzito tu. Presha haina kelele, nikajiona nimeiweza. Siku niliyopimwa, nesi alirudia mara tatu, akaenda kuleta mashine nyingine: 190 kwa 115. Daktari akanifokea, nami nikatazama sakafu. Utamwambiaje kwamba hukuacha dawa kwa ubishi, umeiacha kwa ukata?

Nilipotoka, nesi akanifuata mlangoni. "Baba, hizi dawa unazimudu?" Nikasema sizimudu. Akanirudisha ndani. Daktari akasoma cheti upya, akafuta dawa iliyoandikwa kwa jina la kampuni, akaandika amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Dawa iliyomo ni ileile, kinachotofautiana ni boksi na bei. Ilichukua dakika mbili. Aibu yangu nilikuwa nimeibeba mwaka na nusu.

Mchangiaji wa 2

Pole mkuu. Mimi jino. Miezi mitano ya diklofenaki, kila nikipata afadhali nasema limepona. Usaha haujui kama umemeza dawa ya maumivu. Uvimbe ukashuka hadi shingoni, nikalazwa. Na vidonda vya tumbo nikapata, zawadi ya hizo diklofenaki.

Mchangiaji wa 3

Mwanangu aliharisha usiku kucha, nyumbani hakuna hata senti. Kosa langu la kwanza: nilimpa antibayotiki iliyobaki ya kaka yake. Baadaye nikaelezwa kwamba kuharisha kwa watoto wadogo mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiui virusi.

Kilichomsaidia ni maji. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya mlima, chumvi ikizidi unamdhuru. Nilimnywesha kijiko kimoja kimoja. Akitapika nasubiri dakika kumi naanza tena. Nikiwa na pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, natumia hiyo, ndiyo sahihi zaidi.

Ila jamani, macho yakididimia, akashindwa kunywa, akakaa muda mrefu bila kukojoa, au ukaona damu, hapo toka hivyohivyo na madeni yako. Hesabu mtafanya mtoto akiwa na dripu.

Mchangiaji wa 4

Mdogo wangu ana kisukari kile cha utotoni, cha kuishi kwa sindano. Dawa ya sindano hiyo, insulini, iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na 1923 wagunduzi wakauzia chuo kikuu hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, kwa dola moja moja ili isije ikawa mali ya mtu. Nikikumbuka hilo nikiwa dirisha la dawa nacheka peke yangu.

Tulikuwa tunampunguzia dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Siku ya nne akaanza kutapika, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi inanukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Akaingia ICU. Tulichookoa kwenye chupa kiliteketea kwa siku moja.

Hapo ndipo tulipoambiwa kuna ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali ileile, mlango tuliokuwa tunaupita kila mara. Pia daktari akambadilishia kutoka insulini za kisasa kwenda zile za zamani, ambazo ni nafuu. Usijibadilishie mwenyewe lakini: saa za kuchoma na za kula zinabadilika, ukikosea sukari inashuka anazimia.

Mchangiaji wa 5

Mleta uzi, usiwape watu matumaini ya bure. Si kila ukisema huna hela unapata nesi wa kukushika mkono. Mimi nilisema, nikaambiwa nikae benchi. Nilikaa mpaka wafagiaji wakaja.

Nilichojifunza ni kubadilisha swali. Ukisema "sina hela", jibu ni benchi. Safari ya pili niliandikiwa vipimo sita. Nikamuuliza daktari: "Katika hivi, kipi kikikosekana huwezi kunitibu?" Akatulia, akachora mstari chini ya viwili. Kingine akasema kisubiri majibu, vitatu akavifuta kabisa. Hakukasirika, na wala sikuomba msaada. Nimeuliza swali la kitabibu tu.

Mchangiaji wa 6

Mimi fupi. Miezi mitatu nanunua sirapu za kikohozi, nakwepa gharama za hospitali. Kumbe TB. Dawa zake miezi sita, nimepewa bure, na nchi nyingi ni bure. Pesa zote zilikwenda kwenye sirapu. Kikohozi kikipita wiki mbili, kapime makohozi.

Mleta uzi

Wa 5, nimekuelewa, na lile swali nimeliandika pembeni ya cheti changu. Wa 4, mdogo wako anaendeleaje? Wa 2, jino hatimaye uling'oa?

Mchangiaji wa 4

Yuko shule. Sindano anajichoma mwenyewe, hataki nimtazame.

Mchangiaji wa 2

Niling'oa. Dakika kumi.