Yaya zangu, kaka na dada mliotangulia, naomba ushauri nisome chuo gani: UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), Salama ao chuo cha Kolwezi?

Niko mwaka wa sita wa sekondari hapa Lubumbashi, Kongo, natayarisha Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Moyo wangu uko Politekniki, kitivo cha uhandisi cha UNILU, nisomee madini. Baba mdogo anasisitiza Salama, nisome informatika. Wengine wananisukuma Kolwezi kwa sababu migodi iko karibu, lakini kule sina ndugu hata mmoja.

Mama anauza unga soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Pesa ya minerval (ada ya masomo) anaiweka ndani ya mkebe wa maziwa. Jana usiku tulihesabu pamoja, noti kwa noti. Inatosha kujiandikisha mahali pamoja tu, ndiyo maana naogopa kukosea.

Mliopita Politekniki, mwaka wa kwanza unawezekana bila kompyuta? Na msichana anapata staji (mazoezi ya kazi) mgodini kweli?