Pilipili yangu ivuke baridi: juu usiku, chini fuko

Mama Katuba
Jambo yenu. Niko Lubumbashi, Katuba. Nyuma ya nyumba nina matuta manne: mawili ya pilipili, moja la matembele, moja la lengalenga, yaani mchicha. Sasa ni katikati ya Juni, asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na pilipili zinanitia huzuni. Majani ya juu yamejikunja, maua yanadondoka kabla ya kushika tunda. Mashina haya ni ya mwaka juzi, manene kama kidole gumba. Yamenilipia daftari za watoto. Siwezi kuyang'oa.

La pili: kuna kitu kinakula matembele kutoka chini. Jumanne shina moja lilikuwa limenyauka, nikalivuta, likaja mkononi bila mzizi, limekatwa kama kwa kisu. Pembeni kuna kifusi kidogo cha udongo mbichi, wala sioni tundu. Jirani yangu hamwagilii, na shamba lake halijaguswa. Kwa nini kwangu tu?

Yaya wa Kafubu
Mama, usiing'oe hata moja. Pilipili ikipita Julai, Septemba inachipua yenyewe. Mimi nina mashina ya mwaka wa nne.

Usiku wa kiangazi mbingu haina wingu, joto la ardhi linapotea lote juu, na hewa baridi inateremka bondeni kama maji. Mimi niko bondeni kabisa. Asubuhi nyingine za Julai nakuta umande umeganda mweupe kwenye nyasi. Kwa hiyo chomeka vijiti vinne kuzunguka tuta, tandaza nyasi juu yake saa kumi na moja jioni, jua likipanda uzitoe. Maji mwagilia saa nne asubuhi, udongo upate kushika joto la jua kabla ya usiku. Ukimwagilia jioni unaulaza mmea kwenye baridi.

Ukitandaza nyasi na chini pia, ziache mbali na shina, kama upana wa kiganja. Mchwa wakizifuata nyasi kavu watakutana na shina lako.

Mtoto wa Kampemba
Mimi nakata matawi yote sasa hivi, yabaki kimo cha goti. Mmea unapumzika.

Yaya wa Kafubu
Hapana, ndugu yangu, kata Agosti inapokwisha. Majani hayo yaliyoungua ndiyo blanketi ya vichipukizi vya chini. Mwaka mmoja nilikata Juni, baridi ikaingia mpaka kwenye shina, nikapoteza sita.

Papa wa Ruashi
Hilo la matembele ni fuko, Mama. Kifusi bila tundu ndiyo alama yake, anaziba mlango nyuma yake. Panya huacha tundu wazi. Na umejijibu mwenyewe kuhusu jirani: kiangazi ardhi yote imekuwa tofali, laini ni tuta lako tu. Unamwagilia matembele, na yeye unamfungulia njia.

Fuko hawaishi peke yao, ni ukoo mzima chini ya jike mmoja anayezaa. Ukikamata mmoja, wengine wapo. Sumu usitie, watoto wanachezea pale na kuku wanaparua. Mimi nilichimba tuta lote kina cha mkono mpaka kiwiko, nikatandika wavu wa waya wenye matundu madogo, kingo nikazipandisha mpaka juu ya ardhi, ndipo nikarudisha udongo. Ni kazi ya siku mbili na mgongo unauma, lakini viazi nachimba vizima. Kama unataka kumkamata, fungua njia yake na ukae kimya: hapendi upepo uingie, atakuja kuziba. Wazee wetu walimngoja hivyo na jembe, na jioni kulikuwa na mboga ya bukari, ugali wetu.

Mama Katuba
Asanteni sana, Yaya na Papa. Nimefukua kile kifusi. Njia ni ya mviringo, mkono wangu unaingia, kuta zake laini kama zimepakwa mafuta. Ndani kulikuwa na kiazi changu kimoja, kimetafunwa nusu. Nimekaa dakika kumi hivi, udongo ukaanza kusukumwa kutoka ndani, taratibu, na nikaona meno. Jembe lilikuwa mkononi, nikashindwa kulishusha.

Jumamosi nanunua waya. Wa tuta moja kwanza, la matembele. Nyasi nimeshatandaza leo jioni.