Mistari ya mfarishi: chaki, tepu au kichuma cha pembeni?

Binti_Chumbageni
Habari za jioni wapendwa. Nataka kumshonea mwanangu mfarishi: kanga juu, kanga chini, katikati blanketi jepesi la pamba. Mistari ipishane sentimita 5, mwanzo hadi mwisho. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga. Nimeambiwa nichore chaki, nibandike tepu ya karatasi, au nifunge kile kichuma cha pembeni kinachofuata mstari uliotangulia. Kipi kinanyoosha kweli?

Fundi_Ngamiani
Binti yangu, kabla hujachagua, jua kwanza kinachopindisha. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini tu. Cha juu kimekandamizwa na mguu wa cherehani, kile kichuma kinachoshika kitambaa chini ya sindano, kwa hiyo kila mshono kinabaki nyuma kidogo, na ukifika mwisho kanga ya juu imejikusanya mbele ya mguu. Hapo hata uchore kwa rula, mstari utakwenda upande. Legeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu, ongeza urefu wa mshono ufike milimita 3 hivi, weka sindano namba 14, na upige bandi, mishono mirefu ya muda, tabaka zote zishikane. Upo pia mguu wenye meno yake, unaosukuma kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Ukienda kuutafuta, beba mguu wako wa zamani ulinganishe urefu wa pale unapofungwa.

Mama_Raskazone
Mimi ni wa tepu, ile ya wapaka rangi. Unashona ubavuni mwake bila kuigusa, unabandua, unahamisha. Siri iko kwenye kuilaza: bandika ncha moja, vuta roli hadi upande wa pili tepu ikiwa bado hewani, ndipo uishushe. Ukiibandika kidogo kidogo inapinda yenyewe. Na kwa joto letu la Tanga usiiache usiku kucha, gundi itahamia kwenye kanga.

Abuu_Bagamoyo
Tepu kwa kitanda kizima ni kazi ndefu, mama. Kichuma ndicho chepesi, ila kina tabia moja mbaya: kinaiga. Mstari wa tatu ukiyumba, wa nne utayumba vilevile, na wa kumi umeshakuwa upinde. Ndiyo maana mimi huchanganya. Nachora kwa chaki mstari wa katikati na mingine kila sentimita 20, nashona hiyo kwanza kutoka katikati kwenda pembeni. Kila nafasi inabaki na mistari mitatu tu ya kujaza kwa kichuma, kosa halipati pa kukua. Na kila mstari uanze kushonwa kutoka upande uleule. Ukienda huku na kurudi kule, kitambaa kati ya mistari miwili kinajikunja mshazari.

Binti_Chumbageni
Shikamoo fundi, nashukuru. Abuu, kanga yangu ina maua mengi, chaki itaonekana? Halafu pindo si limenyooka tayari, nianzie hapo?

Fundi_Ngamiani
Marahaba. Kwenye rangi nzito tumia kipande chembamba cha sabuni nyeupe, kinatoka ukifua. Pindo usiliamini, chapa ya kanga mara nyingi haikukaa sawa na uzi uliofuma kitambaa. Fuata uzi.

Mama_Raskazone
Hapo fundi tunatofautiana. Uzi nani anauona? Anayeingia chumbani anaona pindo, na mstari ukilipa pindo mgongo kazi yote inaonekana imepinda. Mwanangu, pima kutoka mapindo yote mawili, mstari wa kwanza upite katikati yake.

Abuu_Bagamoyo
Kwa kanga naungana na mama. Kitambaa kisicho na mapindo, nafuata uzi.

Fundi_Ngamiani
Haya, kwa kanga nimekubali. Lakini ongeza meza au kiti kushoto kwako kibebe mfarishi, maana ukining'inia sakafuni uzito wake unavuta mstari. Na ukikanyaga, macho yakae kwenye kichuma, si kwenye sindano.

Binti_Chumbageni
Basi nakwenda na ya Abuu: sabuni kila sentimita 20, kichuma katikati. Leo napiga bandi.