Laptopu imegoma kwenye grub rescue: nipige upya, nishushe GB 6, au kuna njia?

Wa Barabara ya 12, Ngamiani
Salaam wakuu. Laptopu ya dukani, ya zamani kidogo, ina Ubuntu na Windows pamoja. Jana usiku nilifuta ile D ya Windows, ilikuwa tupu na mimi nataka nafasi. Asubuhi nawasha, kioo cheusi na mistari miwili tu:

`error: no such partition.`
`grub rescue>`

Hapa natoa kopi na kuskani vyeti, wateja wamejaa kwenye benchi. Fundi mmoja wa mjini anataka 30,000 apige Windows upya, vilivyomo vyote viende. Jirani anasema diski imekufa. Mwingine anasema nishushe Ubuntu 24.04 niiweke kwenye flashi, na faili lenyewe ni karibu GB 6. Nishike lipi?

Machungwa ya Muheza
Piga upya mkuu, saa moja umemaliza. Mimi hiyo GRUB, programu inayochagua mfumo wa kuwasha, ilishanitoa jasho, nikaachana nayo.

Binti Makorora
Saa moja ya kupiga, siku tatu za kuhangaikia printa. Hizo huwa hamzihesabu. Na skani za watu je?

Mgosi wa Mabawa
Usifute kitu. Diski ingekuwa imekufa kabisa, hata hilo neno grub usingeliona, maana linasomwa humohumo kwenye diski.

Nadhani kilichotokea ni hiki. GRUB ilikariri kwamba faili zake ziko patisheni (kipande cha diski) namba 6. Kwenye diski za mtindo wa MBR, ule mpango wa zamani wa kugawa diski, namba 5 na kuendelea hufuatana. Ukifuta ya 5, ya 6 inageuka kuwa 5. Chukua Ngamiani yako: leo waifute Barabara ya 11, wewe wa 12 uitwe wa 11. Nyumba haijahama, ila mgeni wako atazunguka mpaka magharibi.

Sasa ielekeze kwa mkono, andika hapohapo kwenye grub rescue:

`ls`
`ls (hd0,msdos5)/`

Ukiona boot, etc na home, ndipo penyewe. Usipoona, jaribu namba nyingine zilizotajwa. Kisha:

`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`set root=(hd0,msdos5)`
`insmod normal`
`normal`

Alama ya sawasawa usiiachie nafasi, mbele wala nyuma. Menyu ikitokea ingia Ubuntu, fungua terminali, andika `sudo grub-install /dev/sda` halafu `sudo update-grub`. Ukiacha hizo mbili za mwisho, ukizima tu unarudi palepale.

Chumbageni Usiku
Sawa kabisa, ila mwenye laptopu mpya ya UEFI (mtindo mpya wa kuwasha kompyuta) asiige kichwakichwa. Kwa hizo, mara nyingi Windows ikishajisasisha inajiweka mbele kwenye foleni ya kuwasha. Unaingia BIOS (mipangilio ya kuwasha), unairudisha Ubuntu juu, basi.

Na kuhusu bando: mkono ukishindwa, ipo Super Grub2 Disk, haifiki hata MB 100. Inatafuta mifumo iliyomo na kukuwashia unaoutaka. GB 6 za nini? Flashi yenyewe itafutika wakati wa kuiandaa, kwa hiyo usichukue yenye picha za harusi.

Binti Makorora
Na kama diski inagonga tik-tik, hapo jirani ana haki. Hamisha kazi zako kwanza, mengine baadaye.

Wa Barabara ya 12, Ngamiani
Haigongi. Na imewaka! Kilichonichelewesha ni mabano: kitufe cha 9 kimechakaa, ikabidi niazime kibodi ya nje. Halafu kwenye ile grub-install niliandika /dev/sda5, ikanijia na malalamiko marefu ya blocklists.

Mgosi wa Mabawa
Hapo unataja diski nzima, sda, bila namba. Umerudia?

Wa Barabara ya 12, Ngamiani
Nimerudia, nikazima na kuwasha mara mbili, menyu inakuja yenyewe. Skani zote zipo. Printa haina hata habari kwamba kulikuwa na msiba.

Machungwa ya Muheza
Mimi ya kwangu bado iko uvunguni. Ngoja niitoe vumbi.