Eabrashi (bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa) ipi nichukue baada ya hii ya bei ndogo?

FundiChukudu, Goma
Jamaa, habari za leo. Natengeneza mifano midogo ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, urefu wa kiganja, na sasa natengeneza mfano wa ile sanamu ya dhahabu iliyosimama pale Rond-point Tshukudu. Eabrashi yangu ya sindano 0.3 mm, isiyo na jina, imenifaa miaka miwili. Nozeli yake, ule mdomo unaotoa rangi, ni ya skrubu, ndogo kama punje ya mtama. Juzi nimeikaza kwa ufunguo, mdomo ukapasuka. Sasa inatema matone na kikombe kinatoa mapovu.

Nimeweka akiba nipate moja ya kudumu: Iwata Eclipse HP-CS (0.35), Harder & Steenbeck Evolution ya seti mbili (0.2 na 0.4), au Badger Patriot 105 (0.5)?

DadaKivu, Bukavu
Pole yaya. Mapovu ni hewa inayorudi kikombeni kwa ule ufa, usihangaike kusafisha tena.

Mimi natumia Evolution. Nozeli unaidondosha mahali pake, unafunga kichwa kwa vidole, ufunguo hakuna. Kwa 0.2 nachora hata nyusi za sanamu ya askari. Lakini dhahabu usiipitishe humo! Rangi ya dhahabu ina vipande bapa vinavyong'aa, vinapangana mdomoni na kuziba. Weka 0.4.

PapaAtelye, Lubumbashi
Mdogo wangu, kabla ya yote: kompresa yako, ile mashine ya kusukuma hewa, ina tangi?

FundiChukudu, Goma
Haina, Papa. Hewa inakuja kwa kudunda.

PapaAtelye, Lubumbashi
Basi hata Eclipse itakuchorea mistari yenye mawimbi. Tafuta kompresa yenye tangi la lita 3, saa ya kupimia nguvu ya hewa na chujio la maji. Umeme ukikatika, hewa iliyobaki haimalizi kazi, ila inatosha kupuliza tina (dawa ya kuyeyusha rangi) na kusafisha sindano kabla rangi haijakauka ndani. Hiyo peke yake imeniokolea nozeli nyingi.

Kuhusu bunduki, mimi ni mtu wa Patriot. Mdomo wa 0.5 unavumilia rangi nzito na vumbi letu la kiangazi, na praima, ile rangi ya kwanza ya chini, inatoka vizuri. Mstari mwembamba sana usiutegemee.

DadaKivu, Bukavu
Papa kasema kweli kuhusu chujio. Huku msimu wa mvua hewa imejaa maji. Kabla sijafunga chujio, tone moja lilitua kwenye shavu la sanamu niliyoifanyia kazi wiki nzima. Nililia.

MkonoMwepesi, Goma
Jirani, Eclipse ninayo, nayo nozeli yake haina skrubu. Kwa chukudu ndiyo ningechukua: 0.35 inapaka ubao mzima na bado inachora nyufa za mbao. Dhahabu inapita ukiilainisha hadi iteleze ukutani mwa kikombe kama maziwa, halafu uongeze hewa kidogo. Mimi huanzia nguvu ya hewa ya bar 1.2, kwa dhahabu nafika 1.5.

Hapa Goma chuja rangi kila mara kwa soksi ya nailoni. Vumbi la lava ni kali, chembe moja inakwaruza sindano. Na ukiagiza, agiza nozeli ya pili siku hiyo hiyo. Mimi sikufanya hivyo, nikakaa miezi nikingoja kitu kisichojaza hata ncha ya kidole.

DadaKivu, Bukavu
Na barakoa, yaya, hata kwa rangi ya maji. Ule ukungu unaingia kifuani. Dirisha wazi.

FundiChukudu, Goma
Aksanti sana wote. Nimepiga hesabu usiku: kompresa ya tangi kwanza, na nozeli mpya ya hii ya zamani iwe ya praima. Nikikusanya tena nachukua Eclipse na nozeli ya akiba. Jirani, naweza kuja na chukudu yangu nijaribu dhahabu kwa yako?

MkonoMwepesi, Goma
Njoo Jumamosi asubuhi. Beba soksi.