"Borrow me" imewachekesha watu kazini

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nina miezi minne hapa Minneapolis. Jana kazini simu iliniishia chaji, nikamwambia mwenzangu "borrow me your charger". Akacheka, kisha akanipa. Nimekosea wapi? Shuleni Kiingereza nilikuwa napata A!

—

Marahaba, mdogo wangu. Hiyo A yako haina neno, kilichokuponza ni Kiswahili. Kwetu kuazima ni mlango mmoja, wa kuingilia na wa kutokea: "niazime kalamu", halafu "kalamu hii nimeiazima kwa jirani". Waingereza wana milango miwili. Anayechukua ni wa "borrow", anayetoa ni wa "lend". Ukianza na wewe mwenyewe, "Can I borrow your charger?" Ukianza na yeye, "Can you lend me your charger?" Unaazima "from" mtu, unamwazima "to" mtu. Na ikishapita ni "lent"; "lended" nimeisema mimi miaka miwili bila mtu kunirekebisha.

Ila kuna mahali sisi tumewazidi. Sufuria unaiazima kwa sababu utarudisha ileile. Pesa unakopa, maana noti utakayorudisha ni nyingine. Wao zote ni "borrow" tu. Hata tishu! Juzi mtu kaniomba "Can I borrow a tissue?" Nikampa, nikawa najiuliza atanirudishiaje.

Penye hatari ni kwenye karatasi. Ukikopa pesa za kununua gari, mkataba wa mkopo mara nyingi utaandika "Borrower" na "Lender". "Borrower" ndiye wewe, mkopaji, na kila "shall" inayofuata jina hilo inakudai wewe. Soma polepole kabla ya kusaini.

—

Naongezea kidogo, niko Duluth, jimbo hilohilo lako la Minnesota. Usione haya sana. Minnesota hii wapo wenyeji, hasa wazee, wanaosema "borrow me" vilevile. Mababu zao wengi walitoka Norway, Sweden na Ujerumani, na huko kitenzi ni kimoja kama chetu: Kinorwe "låne", Kijerumani "leihen", kutoa na kupokea humo humo. Jirani yangu mzee akitaka koleo la theluji huniambia hivyo hivyo, nami moyoni nasikia "niazime". Lakini yeye hana tena usaili wa kazi, wewe bado unaweza kuitwa. Shika "lend me". "Loan me" nayo hapa Marekani utaisikia sana na hakuna atakayekushangaa. Uingereza wengi wangependa "lend".

—

Asanteni sana, kaka na dada. Chaja nimerudisha. Sasa nina shida ya dola 50 hadi Ijumaa. Hapo nianze na mimi au nianze na nyinyi?

—

Hiyo omba kwa Kiswahili, mdogo wangu, tukunyime kwa Kiswahili.